Mara ya Mwisho Kusikika

Ujumbe wa wifi yangu ulikuwa na maneno saba: "Wifi, Alhamisi nakuhitaji mahakamani. Njoo na kitambulisho." Niliusoma Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa kwenye semina ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Mwenzetu mmoja alikuwa ubaoni akieleza tofauti kati ya ukiukwaji uliokwisha na ukiukwaji unaoendelea. Mtu akipigwa kofi, kofi limekwisha. Mtu akichukuliwa na watu wa serikali, na serikali ikasema haimjui, jambo hilo halijaisha. Linaendelea kila siku mpaka ijulikane yuko wapi. Mfano aliokuwa akiutumia ulikuwa wa kaka yangu. Kwa heshima hakumtaja jina. Ubaoni alimwandika "Mtu A".

Nilinakili mchoro wote. Ulikuwa mchoro mzuri.

Idara yetu ina kituo cha msaada wa sheria: chumba kimoja chenye meza nne, printa moja na kabati la chuma lisilofunga sawasawa. Nusu ya masomo ni nadharia na nusu ni vitendo, na kwenye vitendo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili hukabidhiwa shauri moja la kweli alibebe mpaka ahitimu. Mwalimu anayekisimamia kituo tunamwita Tanbihi, kwa sababu hata ukimwambia kumekucha atakuuliza tanbihi iko wapi. Mwaka jana aliniita ofisini akaniuliza kama ningependa kupewa shauri jingine, la mtu baki. Nilimwambia faili ni faili. Aliniangalia kidogo, kisha akanisogezea karatasi ya kutia sahihi.

Yaliyomo kwenye faili ni haya. Kaka yangu alikuwa fundi wa lifti na katibu wa chama cha mafundi. Miaka tisa iliyopita, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, wanaume wawili walimfuata kazini wakamwomba akatengeneze lifti iliyokwama. Alichukua begi la vifaa akapanda gari lao. Jengo walilolitaja nilikwenda kuliangalia wiki hiyo hiyo. Lina ghorofa moja na ngazi kumi na tisa. Kwenye kitabu cha kituo cha polisi cha karibu jina lake limeandikwa jioni ya siku ile, kisha limepigwa mstari kwa rula. Nilikipiga picha kitabu kabla hawajakifunga. Hayo ndiyo tunayoyajua. Mengine yote tuliyowahi kuambiwa yalitoka kwa watu waliotuonea huruma, na huruma si ushahidi.

Tarehe nyingine muhimu si yake. Miezi kumi na moja baada ya kuchukuliwa, katika mwezi wa tano, serikali yetu ilikubali rasmi kwamba raia wake waweze kupeleka malalamiko mbele ya Kamati ya kimataifa inayosikiliza mashauri ya namna hii. Kamati haigusi yaliyokwisha kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo shauri la kaka lilisimama kwa mguu mmoja tu: kwamba halijaisha. Siku ile ya mwezi wa tano bado alikuwa ametoweshwa, na siku iliyofuata, na leo. Wakili wa serikali alishaandika kurasa thelathini akijaribu kuuvuta mguu huo, akashindwa, kwa sababu hakuwa na karatasi yoyote iliyosema kaka yangu amekufa.

Baada ya semina nilikwenda kwa wifi.

Wifi ni muuguzi wa wodi ya figo. Anakaa nyumba ile ile aliyoachwa na kaka, vyumba viwili na jiko, na mama yetu aliishi nao humo mpaka alipofariki miaka mitatu iliyopita. Nilimkuta anapiga pasi sare za kazi. Binti yake wa miaka kumi alikuwa amejilaza kifudifudi sakafuni, anapaka rangi ramani ya mito.

"Shikamoo, shangazi," alisema bila kuinua uso.

"Marahaba. Unaniamkia mimi au unaamkia mto?"

"Wote wawili. Mto nao ni mkubwa."

"Umeupata ujumbe," wifi alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimeupata. Ni shauri gani?"

"La kumhesabu marehemu." Aliisimamisha pasi. "Usinikodolee macho, wifi. Kaa kwanza."

Nilikaa. Alinieleza kwa mpangilio, kama anavyokabidhi zamu. Amepata kazi kwenye hospitali ya nje, mkataba wa miaka mitatu, unaanza tarehe mosi mwezi ujao. Mtoto anaruhusiwa kwenda naye. Kinachokosekana ni pasipoti ya mtoto, na fomu ya pasipoti inataka sahihi ya wazazi wote wawili.

"Nimekwenda pale dirishani mara tano," alisema. "Nawaambia baba yake hayupo. Wananiambia, baba ahudhurie mwenyewe na kitambulisho. Nikawaambia hata mimi ningependa sana ahudhurie. Yule wa dirishani akaniambia, mama, utani wako peleka nyumbani."

"Kuna amri ya ulezi wa mzazi mmoja. Unaweza kuomba..."

"Halafu baba anapelekewa hati ya kuitwa. Apelekewe wapi? Nimeshauliza yote hayo, wifi. Kila mlango unamtaka baba. Akiwa hai, aje. Akiwa amekufa, cheti. Hapo katikati hawana fomu."

"Ulifungua lini?"

"Miezi mitano sasa. Walitoa tangazo gazetini, siku tisini, mwenye habari zake ajitokeze. Nilidhani utaliona."

Gazeti lile huletwa kwenye chumba cha kusomea cha idara kila asubuhi. Nilikuwa nalisogeza pembeni ili nipate nafasi ya kuweka hukumu za mahakama za mabara mengine.

"Sasa wanataka ndugu wa damu aje aape kwamba na yeye hajamsikia," alisema. "Mama hatunaye. Umebaki wewe."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia ungeniletea kitabu."

Mtoto alicheka peke yake huko sakafuni. Wifi alirudi kwenye kola ya sare.

*

Jumanne nilimpelekea Tanbihi habari. Aliifungua fomu ya lalamiko, akaupitisha ukucha kwenye ukurasa wa kwanza.

"Mlalamikaji ni nani hapa?"

"Mke wake."

"Kwa nini si wewe?"

"Fomu inamtanguliza mwenza kabla ya ndugu."

Hilo lilikuwa kweli. Wifi alitia sahihi mwaka jana jikoni kwake, amesimama, mwiko mkono wa kushoto na kalamu wa kulia. Mimi nilimfunulia kurasa, nikawa namwonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa. Kipo kisanduku kinachosema mlalamikaji amesomewa lalamiko lote kwa lugha anayoielewa na ameridhia. Nilikiwekea alama mwenyewe. Mtihani wa ridhaa ya mhusika tuliufanya muhula ule ule, na alama zangu zilikuwa za juu kuliko za darasa zima.

"Kwa hiyo," alisema Tanbihi, "mlalamikaji wetu anakwenda kuiomba mahakama ya nchi yake iseme mtu huyu amekufa."

"Ahesabiwe amekufa. Hajasikika kwa zaidi ya miaka saba."

"Tangu tarehe gani?"

"Mahakama zetu huweka tarehe ya mwisho kuonekana au kusikika. Karani ana daftari, daftari lina safu ya tarehe, na safu haiachwi tupu."

"Mwezi wa sita, basi. Miezi kumi na moja kabla Kamati haijapata mamlaka." Alivua miwani akaitazama badala ya kunitazama mimi. "Serikali itaibandika hati hiyo ukurasa wa kwanza. Ningekuwa wakili wao, ndipo ningeibandika. Mlalamikaji mwenyewe anasema mtu wake alikufa kabla. Huna tena kinachoendelea."

"Kuna njia?"

"Kama alisikika baada ya mwezi wa tano. Hata mara moja. Alisikika?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika," nilisema, na nilikuwa nayo.

*

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nilimfuata wifi hospitalini. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo cha wauguzi, mashine za wodini zikisikika kupitia ukutani. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo, polepole, kama nilivyopaswa kumweleza mwaka jana.

"Mlalamikaji ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Si ulisema ni karatasi za kaka yako?"

"Zinamhusu yeye. Mwenye lalamiko ni wewe. Nilipaswa kukusomea. Sikukusomea."

Alitafuna akameza. "Mimi hata daktari akiniletea chati nitie sahihi, namuuliza hii dozi ya nani. Wewe sikukuuliza. Nikasema huyu msomi, huyu ndugu wa mtu, atanitia shimoni kweli?"

Nilimweleza yaliyobaki: akiendelea na shauri la kesho, lile la Kamati huenda likafa, asipoendelea, mtoto hapati pasipoti. Uamuzi ni wake, kwa sababu yote mawili ni yake.

"Hiyo Kamati ikikubali, watamrudisha?"

"Hapana. Watatoa maoni. Wataitaka serikali ichunguze na ituambie aliko."

"Na serikali itachunguza?"

"Mara nyingi hazichunguzi."

"Lakini itakuwa imeandikwa."

"Itakuwa imeandikwa kwamba walimchukua. Kwa jina lake."

Mashine moja upande wa pili wa ukuta ililia na kunyamazishwa. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ngoja. Kinachoharibu ni tarehe tu?"

"Ni tarehe."

"Sasa si kuna ile simu?"

Nilijua ataisema. Nadhani nilijua tangu Jumatatu.

Ile simu ilipigwa tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane, mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kaka kuchukuliwa, zaidi ya miezi mitatu baada ya serikali kukubali mamlaka ya Kamati. Ilipigwa mchana kwenye simu ya mama. Wifi alikuwepo, mimi pia. Hakuna aliyesema kitu upande wa pili. Palikuwa na pumzi tu, nzito, kama ya mtu anayepumulia tundu moja la pua. Mama alitaja jina la kaka. Pumzi iliendelea. Alilitaja tena, akamwambia mtoto ni mzima, anakimbia sasa, na kwamba nguo zake hazijaguswa. Baada ya sekunde arobaini na moja simu ilikatika. Mama aliandika tarehe nyuma ya kalenda. Alisema mwanawe anapumua hivyo tangu alipovunjika pua akiwa darasa la sita. Kuanzia siku hiyo alilala na simu, na alipofariki ilikuwa chini ya mto wake.

Kesho yake, kwa simu ya ofisi niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule, niliipigia namba ile. Alipokea mwanamke anayeuza vitunguu kwa jumla. Aliniomba radhi kabla sijamaliza kueleza. Alisema mwanawe wa miaka miwili ana tabia ya kuichukua simu na kubonyeza, na kwamba jana alipiga kwa watu wanne, mmoja wao mchungaji. Nilimsikia mtoto mwenyewe nyuma yake. Alikuwa na mafua.

Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kusema. Mama alikuwa mezani, amemaliza sahani nzima kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, na alikuwa anamwomba wifi amwongezee. Niliahirisha mpaka kesho. Kesho hiyo ikachukua miaka mitano, akafa. Kwenye lalamiko la Kamati sikuiweka simu ile, kwa sababu haikuwa ushahidi wa kitu chochote isipokuwa mafua.

"Nitaisema mahakamani," wifi alisema. "Tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane. Miaka saba si imeshapita?"

"Imepita minane."

"Basi. Mimi nitaapa, na wewe utasema ulikuwepo. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Yamekwisha, wifi yangu. Ulikuja na uso kama umebeba jeneza." Alinipiga gotini kwa kiganja, akasimama, akavaa glavu zake. Mlangoni aligeuka. "Unaona? Hata huko aliko anatusaidia."

Alasiri nilirudi kituoni nikakaa kwenye meza ya pembeni. Niliandika sentensi nne. Nilikuwepo. Simu ililia. Mama alimwita kwa jina lake. Hakuna aliyekana. Nilizipima moja moja. Kwa kipimo chochote cha kiapo nilichowahi kufundishwa, zote zilikuwa za kweli, na zikiwekwa pamoja zingempa mtoto pasipoti na kumwacha kaka yangu hai kwa miezi mitatu ya ziada, ile tuliyoihitaji. Nilisubiri nione kama nitajisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: nilijua ni wangu kwa kuutazama tu.

*

Mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye feni iliyokuwa inazunguka bila kupoza. Karani alitupokea mlangoni na orodha yake.

"Nyinyi ndio wa yule asiyejulikana?"

"Hajulikani aliko," nilisema. "Yeye anajulikana."

"Haya, dada yangu. Asiyekuwepo na lake halipo. Kaeni benchi la pili."

"Angekuwepo tungekuja kufanya nini?" wifi alimwambia.

Karani aliguna, akaandika majina yetu.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwandiko mdogo uliobanana kama mshono. Katika mahakama ile ushahidi wote huandikwa kwa mkono na hakimu mwenyewe, kwa hiyo kila shahidi hutakiwa kusema kwa mwendo wa kalamu. Unatamka maneno sita, unasubiri. Unatamka mengine. Watu huanza na machozi, na kufikia ukurasa wa pili machozi yamekauka kwa kusubiri.

Wifi aliapa, akasema. Alisema vizuri. Alieleza begi la vifaa, gari, kituo cha polisi. Alipofika kwenye simu alipunguza sauti, na hakimu akamwomba arudie.

"Alikuwa ni yeye," wifi alisema. "Mke anaijua pumzi ya mumewe."

Hakimu aliandika hilo nalo. Nililiona likiandikwa, neno kwa neno.

Kisha nikaitwa mimi. Niliapa. Nilitaja uhusiano wangu na mhusika na kazi yangu, mwanafunzi wa sheria, na hakimu akainua macho kidogo. Nilisema sentensi zangu nne, moja moja, nikisubiri kalamu. Nilikuwepo. Simu ililia. Mama alimwita kwa jina lake. Hakuna aliyekana.

Hakimu alifika mwisho wa mstari. "Namba iliyopiga," alisema, "mliifuatilia?"

Lilikuwa swali la kawaida. Mimi mwenyewe ningeliuliza. Na nilikuwa na sentensi ya tano ya kweli imeshakaa mdomoni: mama hakuifuatilia. Hakimu alikuwa ameweka kalamu kwenye karatasi, anasubiri, na wifi alikuwa ananiangalia kwa uso wa mtu ambaye mizigo yake imeshapakiwa.

"Niliifuatilia," nilisema. "Kesho yake."

Kalamu ilitembea.

"Ilikuwa ya mwanamke anayeuza vitunguu kwa jumla."

Ikatembea.

"Alisema mtoto wake wa miaka miwili alikuwa anachezea simu. Nilimsikia mtoto huyo. Alikuwa na mafua."

Hapa hakimu aliacha kuandika. "Hilo uliwaambia wenzako?"

"Hapana."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

Sikumtazama wifi. Hakimu alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma, akarudi mbele.

"Kwa hiyo, kwa ujuzi wako, mara ya mwisho kuonekana au kusikika ni lini?"

Nilitaja tarehe kumi na moja mwezi wa sita, na mwaka. Aliandika, akaniuliza kama ninayo ya kuongeza. Sikuwa nayo. Dakika ishirini baadaye alisoma amri: kwamba mhusika anahesabiwa kuwa amefariki, na kwamba tarehe itakayoingizwa katika daftari ni ile aliyoitaja dada yake. Alituambia poleni, kwa mwendo ule ule wa kalamu. Karani akagonga mhuri mara tatu, nakala tatu.

Nje, kwenye ukumbi wa mahakama, wifi alikunja nakala yake mara mbili akaitia kwenye pochi. Alifunga zipu. Tulitembea mpaka karibu na ngazi.

"Miaka minane," alisema.

"Ndiyo."

"Mama amekufa anaamini."

"Ndiyo."

"Na mimi nimelala na simu yangu kifuani miaka minane, kumbe namsubiri mtoto wa muuza vitunguu." Alitoa sauti iliyokaribia kicheko. "Kwa nini leo?"

"Aliuliza."

"Aliuliza. Na mimi sikuwahi kuuliza?"

"Hapana, wifi. Hukuwahi."

"Ningeulizaje? Nikuulize wewe kama mume wangu ni mume wangu?"

Alishuka ngazi mbele yangu. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama akasubiri nimfikie, kisha akaendelea kutembea, na tuliagana kwenye makutano kama watu waliotoka kazini.

*

Tanbihi aliisoma amri Ijumaa. Alisema tunawajibika kuijulisha Kamati, hilo halina mjadala. Tulichobakiwa nacho ni namna. Tungeweza kuituma amri na kungoja lalamiko likataliwe, au mlalamikaji angeweza kuliondoa lalamiko mwenyewe. Alipendekeza aliondoe. Uamuzi wa kukataa huchapishwa, alisema, na ukichapishwa hutumika. Serikali nyingine zitausoma na kuwatupia watu wengine usoni. Lalamiko lililoondolewa halimdhuru mtu. Alisema pia kwamba alama zangu haziathiriki, na kwamba ningeweza kuandika sura nzuri kuhusu mgongano wa nadharia na vitendo. Nilimwambia nitalifikiria hilo.

Niliandika barua ya kuondoa lalamiko, nusu ukurasa. Jumapili asubuhi niliipeleka kwa wifi.

Nyumba ilikuwa imetenguliwa. Mapazia yalikuwa yameshashushwa, na masanduku mawili yalikuwa wazi sebuleni. Mtoto alikuwa chumbani anagawa vitu vyake mafungu mawili, vya kwenda na vya kubaki, na kila baada ya muda alipita na kitu akakihamisha.

"Sema," wifi alisema. Hakuacha kukunja nguo.

"Ni barua ya Kamati. Inahitaji sahihi yako. Nataka nikusomee kwanza."

"Leo unanisomea."

"Leo nakusomea."

Barua iliandikwa kwa lugha ya Kamati. Nilimsomea sentensi moja, nikaifasiri, nikasubiri, nikasoma nyingine. Alikuwa anakunja na kuitikia kwa kichwa. Nilipofika sentensi ya nne mikono yake ilisimama.

"Rudia hapo."

"Kwa kuzingatia amri ya mahakama, mlalamikaji anaomba kuliondoa lalamiko lake."

"Nani anaomba?"

"Wewe."

"Mimi sijaomba."

Nilimweleza sababu za Tanbihi. Nilimweleza kuhusu uamuzi kuchapishwa, na watu wengine wenye mashauri kama letu, ambao wanaweza kuumizwa na kukataliwa kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza watu hao wako wapi, nikasema wako nchi nyingi, siwajui. Aliuliza kama na wao wana watoto wanaohitaji pasipoti. Nilisema bila shaka wapo.

"Basi waandikie hivi," alisema. "Waeleze yote. Karatasi ya mahakama watumie. Simu waambie, na mtoto wa vitunguu waambie, usifiche. Na lile dirisha waambie. Waambie serikali iliyomchukua ndiyo hiyo hiyo inayomtaka alete kitambulisho. Nimemwita marehemu kwa sababu kila mlango ulimtaka yeye, na wao ndio wanajua walikomweka. Halafu wakikataa, wakatae wao. Mimi nimeshamkana mara moja Alhamisi. Sirudii."

Nilikuwa nimetoa kalamu. Kwa mazoea tu, nilikuwa nimeanza kuyapanga maneno yake katika aya, na nilikuwa katikati ya sentensi nilipotambua kwamba hiyo ni hoja: serikali haiwezi kutumia kama ngao hati ambayo yenyewe imemlazimisha mke kuitafuta. Sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimeisoma miaka miwili, na sikuwa nimeifikiria.

"Inaweza kushindwa," nilisema.

"Inaweza."

"Nadhani itashindwa."

"Wifi, nimekuelewa. Andika."

Niliketi kwenye kiti pekee kilichokuwa hakijafunikwa, nikaandika upya kwenye kompyuta ya mapajani, kwa lugha yetu kwanza, kisha kwa ile ya Kamati. Alikuja kusimama nyuma yangu. Alinirekebisha mahali pawili: dirishani alikwenda mara tano, nilikuwa nimeandika tatu, na mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja baba yake alipochukuliwa, si miwili. Pote pawili alikuwa sahihi. Nilimwomba asome mwenyewe nakala ya lugha yetu, akaisoma yote, midomo ikichezacheza, akauliza maana ya neno moja, nikamwambia, akasema libaki.

Printa ya jirani ilitutolea kurasa tatu. Alitia sahihi kwenye kila ukurasa, taratibu, akiwa ameketi.

Niliziweka kwenye bahasha. Nilijaribu kuangalia ndani yangu kama kuna kitu, jinsi mtu anavyobonyeza sehemu iliyopigwa ganzi kuona kama dawa imeisha. Palikuwa na kitu kidogo, mbali, hakijafika.

"Ukimaliza na hiyo bahasha," wifi alisema, "njoo ukalie hili sanduku. Halifungi."

Nilikwenda nikakalia. Aliivuta zipu, ikakwama kwenye kona. Alimwita binti yake, naye akaja akakaa pembeni yangu na ramani yake mkononi, na mara ya pili ikafunga.